Maswali ya Wasomaji: Sigara mkono huu, chupa mkono ule

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinazunguka jambo moja: vijana wanaovuta na kunywa kwa wakati mmoja. Tumezifupisha, na majina tumeyaacha kando. Majibu ni ya jopo letu la afya.

SWALI: Habari za kazi wahariri. Mwanangu wa kiume ana miaka 17, yuko kidato cha tano, anakaa bweni. Likizo hii amenukia sigara mara mbili, na chini ya godoro nimekuta chupa tupu ya konyagi, ile ndogo bapa. Baba yake anasema sigara ni mambo ya ujana, zitapita, tupambane na pombe kwanza. Mimi naona tuanze na sigara maana ndiyo nina ushahidi nayo. Nani yuko sahihi? *Mama, Moshi*

JIBU: Mama, kila mmoja wenu ameshika ncha yake ya kamba ile ile. Kwa hatari ya usiku mmoja, baba yuko sahihi: pombe inaweza kumlaza kijana barabarani au mochwari kabla hakujapambazuka. Kwa hatari ya miaka, wewe uko sahihi. Ila kushughulikia kimoja na kukiacha kingine kisubiri zamu ndiko kunakowashinda wazazi wengi, na sababu yake iko mwilini.

Tuanze na chupa. Ile bapa, kibapa kwa lugha ya mtaani, ina mililita 200, na konyagi ina asilimia 35 ya kileo. Zidisha 200 kwa 0.35, kisha kwa 0.8, ambayo ni takriban uzito wa mililita moja ya kileo kwa gramu. Unapata gramu 56 za kileo halisi. Shirika la Afya Duniani huanza kuhesabu unywaji wa kupindukia kwenye gramu 60 kwa kikao kimoja. Kama alikimaliza peke yake, basi amekaribia kabisa kiwango hicho kwa chupa inayoingia mfuko wa nyuma wa suruali. Kwa bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 angehitaji chupa tatu, na tumbo lingejaa kabla. Kwa hiyo swali la kwanza la kumwuliza ni "mlikuwa wangapi?" Hilo la "kwa nini?" liache kwanza, kwa sababu kijana wa miaka 17 mara nyingi hana jibu lake.

Sasa sigara. Moshi ukivutwa, nikotini hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde 10 hadi 20 na kuachilia dopamini, kemikali inayomfanya mtu atake kurudia alichokifanya. Kileo nacho huiachilia hiyo hiyo kwa njia nyingine, kwa hiyo vikija pamoja raha hupandiana. Zaidi ya hapo, vinafichiana madhara ya papo hapo: kileo kinalegeza na kuleta usingizi, nikotini inaamsha. Kijana ambaye angesinzia baada ya glasi ya tatu anavuta, anachangamka, anamimina ya nne. Hapo ndipo unywaji wa kawaida unapogeuka kuwa unywaji mkubwa. Nikotini yenyewe haikai, kila baada ya saa mbili hivi nusu yake imeshaondoka, na mwili wa anayekunywa sana kila siku huiondoa haraka zaidi. Baada ya wikiendi chache za namna hii, ubongo umeshajifunza kwamba chupa ikifunguliwa sigara inafuata, hata kama siku nyingine hana hamu nayo kabisa.

Umri nao una uzito wake. Ubongo huendelea kukomaa hadi karibu miaka 25, na sehemu ya mbele inayomfanya mtu ajizuie ndiyo huwa ya mwisho. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 1997 ulikuta kwamba walioanza kunywa kabla ya miaka 15 walikuwa na uwezekano mara nne hivi wa kuwa watumwa wa pombe baadaye, ukiwalinganisha na walioanza wakiwa na miaka 20 au zaidi. Haina maana kwamba wa kwako ameshaandikiwa. Ina maana kwamba kila mwaka unaofanikiwa kuuahirisha ni faida.

Namna ya kuzungumza: msiseme naye siku anayonuka pombe, na msimkalishe sebuleni mbele ya wajomba kama mahakamani. Mzazi mmoja, mchana, mkiwa na kazi ya mikono, hata ya kuchambua mchele. Anza na sigara, kwa kuwa vijana wengi huona si siri kubwa. Mwulize kwa siku huvuta ngapi. Kisha, kwa sauti ile ile, "na siku mkinywa, ngapi?" Akikwambia kwa kawaida mbili na siku za kunywa saba, umeshajua kwamba vitu hivyo viwili vimeungana. Endelea: nani hununua, kipi hutangulia, amewahi kuamka hakumbuki usiku uliopita, amewahi kunywa akiwa peke yake. Kusahau kipande cha usiku ni dalili kubwa kuliko kutapika. Sigara ya kwanza ikivutwa ndani ya dakika 30 tangu kuamka, nikotini imeshamkamata kweli kweli.

Shuleni, msianze kwa mkuu wa shule. Kijana akisimamishwa wiki tatu, atazimalizia kijiweni, kule kule alikojifunzia. Anzeni na mwalimu wa ushauri na malezi. Na nyumbani, kama kuna kreti sebuleni au pakiti ya baba juu ya kabati, viondolewe au vihesabiwe. Baba akiwa anavuta, maneno yake hayatakuwa na uzito hadi naye awe amejiwekea tarehe ya kuacha.

SWALI: Nina kioski Kilifi. Mtoto wa miaka 10 hutumwa na baba yake sigara mbili kila jioni. Baba ni mteja wangu mzuri wa unga na mafuta. Nikimnyima mtoto nitaonekana na dharau? *Mwenye duka*

JIBU: Mnyime sigara, umpe salamu: "Mwambie baba namwamkia, aje mwenyewe." Sheria ya Kenya ya kudhibiti tumbaku ya mwaka 2007 inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18, na kisingizio cha "nimetumwa" hakimo. Inakataza pia kuuza sigara moja moja nje ya pakiti, kwa hiyo hizo mbili hata baba mwenyewe hukupaswa kumuuzia. Tanzania nayo imeweka miaka 18 tangu sheria yake ya mwaka 2003. Uganda wamepanda hadi 21 kwa sheria ya 2015.

Tunajua sheria ya reja reja inavunjwa kila pembe ya Afrika Mashariki, na kwamba kiberiti cha gesi kilichofungwa kwa uzi dirishani hakiko pale kwa ajili ya wanunuzi wa pakiti nzima. Lakini bei ya sigara moja ndiyo bei ambayo mwanafunzi anaiweza. Ilikuwa hivyo hivyo kwa viroba, zile pombe kali za vifuko vya plastiki. Tanzania ilivipiga marufuku kuanzia tarehe 1 Machi 2017, na Uganda ikafuata mwaka 2019, kwa sababu kiroba kilikuwa na bei ya andazi na kilijificha ndani ya soksi. Mtoto anayetumwa sigara hujua jina la sigara, bei yake na namna ya kuiwasha miaka mingi kabla hajaivuta.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa chuo Dodoma, wa kike, miaka 21. Sivuti siku za kawaida. Ijumaa na Jumamosi tukitoka, bia mbili za kwanza zikishuka lazima nivute, kama sigara nane kwa usiku. Boom (pesa ya mkopo ya kujikimu) likiisha sinywi wala sivuti na wala sisikii shida. Mimi ni mvutaji au si mvutaji? *Msichana wa UDOM*

JIBU: Nane mara siku mbili ni sigara 16 kwa wiki. Kwa wiki 30 za masomo ni 480, yaani pakiti 24 za sigara ishirini ishirini. Dada, mvutaji ni wewe, ila una ratiba.

Kutosikia shida boom likiisha ni habari njema, na usiidharau. Maana yake mwili wako bado haudai nikotini kila siku, ni pombe tu inayoidai. Wavutaji wengi wa kila siku walipita hatua hiyo uliyopo, na kwa kawaida kilichowavusha ni hela. Kazi ikapatikana, mshahara ukawa haukatiki kama boom, Ijumaa ikaanza Alhamisi.

Jaribu jambo hili kwa wikiendi tatu. Ya kwanza, usivute glasi ikiwa mkononi au mezani mbele yako. Ukitaka kuvuta, weka glasi chini, toka nje peke yako, vuta, rudi. Wengi hukuta sigara nane zimekuwa nne, kwa sababu nyingine zote zilikuwa za mkono kutafuta kazi. Ya pili, saa mbili za kwanza pasiwe na sigara kabisa. Ya tatu, kunywa bila kuvuta usiku mzima.

Panapoharibika panajulikana: kinywaji cha tatu. Hapo ahadi yote imeshayeyuka, kwa hiyo uamuzi lazima ufanywe kabla ya kutoka chumbani. Acha pesa ya sigara nyumbani, usikae karibu na wavutaji, na mwambie rafiki mmoja, si kundi zima, kwamba leo huvuti. Kundi zima likijua, watakupa sigara kwa utani hadi uichukue. Kula ugali au wali kabla, si chipsi za saa sita usiku. Kati ya bia na bia weka chupa ndogo ya maji. Kumbuka pia kwamba mwili wa mwanamke una maji machache kwa uwiano wa uzito, hivyo bia mbili zako si sawa na bia mbili za kaka wa uzito ule ule. Kama unatumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni mbili, mwambie anayekupa kwamba unavuta, kwa sababu mchanganyiko huo huongeza hatari ya damu kuganda.

Wikiendi ya tatu ikikushinda, kwako pombe ndiyo inayoivuta sigara. Pumzika kunywa kwa mwezi mmoja. Wanaoacha sigara huteleza mno wakiwa na glasi mkononi, na katika hilo wewe hutakuwa tofauti nao.

Na usihamie shisha ukidhani umepunguza. Kwa kikao cha saa moja mtu huvuta moshi wenye ujazo wa mara 100 hadi 200 ya ule wa sigara moja.

SWALI: Ni kweli sigara inakata pombe? Kijiweni kwetu mtu akizidiwa anapewa sigara, wengine kahawa nyeusi au ndimu, ndipo anapanda pikipiki. *Bodaboda, Mwanza*

JIBU: Hapana, zote tatu. Kileo huondolewa na ini, na ini huondoa gramu 7 hadi 10 kwa saa, liwe limepewa ndimu au halikupewa. Gramu 56 za kibapa zinahitaji saa sita hadi nane. Sigara na kahawa huamsha ubongo tu, kwa hiyo unachopata ni mlevi aliye macho na anayejiamini. Nikotini tena huweza kuchelewesha tumbo kumimina kilichomo, hivyo sehemu ya pombe hupanda baadaye, mtu akiwa tayari barabarani. Mnyang'anyeni ufunguo.

SWALI: Tunaishi hosteli Nairobi. Wenzangu wanne waligawana mzinga wa vodka. Mmoja wao aliweka pia kile kifuko cha nikotini cha kubandika kwenye ufizi. Alitapika, akazima. Tulimfunika tukamwacha alale, asubuhi akaamka salama. Tulifanya sawa? *Mwanafunzi*

JIBU: Mlibahatika. "Mwacheni alale" ndiyo ushauri unaoua zaidi katika usiku wa namna hiyo.

Mzinga wa mililita 750 wenye asilimia 40 una gramu 240 za kileo. Ukigawanywa sawa kwa watu wanne ni gramu 60 kila mmoja, na mnajua wenyewe kwamba haugawanywi sawa. Aliyekunywa haraka anaweza kuzima huku tumboni kukiwa na pombe ambayo bado haijaingia kwenye damu. Kiwango kinaendelea kupanda amelala. Juu yake kuna nikotini ya kile kifuko, ambayo inaendelea kutoka maadamu kipo mdomoni. Nikotini ikizidi huleta jasho, mate mengi, weupe wa uso na kutapika. Mtu anayetapika huku hawezi kuamka huvuta matapishi ndani ya mapafu.

Mwenzenu akizima tena, fanyeni hivi kwa mpangilio. Toeni kifuko na chochote kingine kinachoonekana mdomoni. Mwiteni kwa jina na mtikiseni bega kwa nguvu. Akifungua macho na kujibu, hata kwa matusi, ni nafuu, asipoitika ni dharura. Hesabuni pumzi kwa dakika nzima kwa saa ya simu. Chini ya pumzi nane kwa dakika, au pengo la sekunde 10 na zaidi kati ya pumzi na pumzi, ni hospitali sasa hivi. Tazameni midomo, fizi na chini ya kucha. Kwa ngozi nyeusi huko ndiko rangi ya bluu au kijivu inakoonekana, usoni haionekani mapema. Mguseni: ngozi baridi yenye unyevu ni dalili mbaya.

Wakati mnasubiri usafiri mlazeni kwa ubavu. Mkono wa chini unyooshwe mbele yake, kiganja cha mkono wa juu kiwe chini ya shavu, goti la juu likunjwe ili asibiringike, kidevu kiinuliwe kidogo ili njia ya hewa iwe wazi na matapishi yatoke. Msimlaze chali hata kwa dakika moja, na mtu mmoja abaki naye. Msimtie kidole kooni, msimnyweshe maziwa wala kahawa, msimmwagie maji baridi, kwa maana mwili wake tayari unapoteza joto. Msimpakate kwenye bodaboda katikati ya watu wawili, shingo inalala na hewa inaziba. Tafuteni gari. Kwa Kenya namba ya ambulensi ya Msalaba Mwekundu ni 1199.

Kuna jambo jingine kama kinywaji hakikuwa na muhuri, au kilikuwa cha bei ya kutupa, au ni chang'aa ya mtu msiyemjua. Huenda kina methanoli, aina ya kileo chenye sumu. Hiyo haionyeshi makucha usiku ule ule. Mtu huamka, hufikiri ni uchovu wa kawaida wa pombe, kisha baada ya saa 12 hadi 24 huanza kuona ukungu, tumbo na kichwa kuuma, kupumua kwa kasi. Inachelewa kwa sababu kileo cha kawaida kilichomo pamoja nayo hulizuia ini lisiivunje upesi, na sumu halisi ni kile kinachotokea ikivunjwa. Macho yakianza kuona ukungu, nendeni hospitali hata kama anatembea na kucheka, na chupa ichukuliwe pia. Hivyo ndivyo watu wengi walivyokufa na wengine kupofuka Embu, Kiambu na kaunti nyingine mwezi Mei 2014, na Kirinyaga ikazika wake Februari 2024.

SWALI: Naishi Bomet. Kwetu tumezika watu wa saratani ya umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, na baadhi walikuwa vijana. Nina miaka 26, tangu nilipofika 18 navuta nusu pakiti kwa siku na kunywa wikiendi sana. Ni jambo la ukoo au ni hivi vitu? *Msomaji*

JIBU: Unakoishi ni sehemu ya ukanda unaojulikana na madaktari wa saratani dunia nzima: unaanzia Ethiopia, unapita Kenya, Tanzania na Malawi, unafika hadi Afrika Kusini. Hospitali ya Tenwek hapo Bomet imeandika kwa miaka mingi kuhusu wagonjwa wa saratani hii walio chini ya miaka 30, jambo ambalo ni nadra sehemu nyingine. Sababu ni nyingi na zimefungamana. Ukoo una nafasi yake, lakini tumbaku na pombe ni mbili zilizothibitishwa bila shaka, na ndizo zilizo mikononi mwako.

Zinavyofanya kazi pamoja ndicho kitu ambacho watu hawakielewi. Kileo kikifika mdomoni na kwenye ini hugeuzwa kuwa asetaldehaidi, na bakteria wa mdomoni huifanya hiyo kazi pia, hata kabla hujameza. Asetaldehaidi huharibu chembe za urithi. Moshi wa sigara una asetaldehaidi yake na kemikali nyingine nyingi za saratani. Kileo tena hulainisha ngozi ya ndani ya mdomo na umio na kuzisaidia kemikali za moshi kupenya. Kwa hiyo hatari mbili hazijumlishwi, zinaelekea kuzidishana. Kwa mfano wa hesabu tu: kama kimoja peke yake kinaongeza hatari mara tatu na kingine mara nne, mtu mwenye vyote viwili hasimami kwenye saba, anasogea kuelekea kumi na mbili. Faida ya hesabu hiyo ni kwamba ukiondoa kimoja, mporomoko wa hatari nao ni mkubwa, na ukiondoa vyote viwili hatari huendelea kushuka kadiri miaka inavyopita.

Chai iache ipoe dakika chache. Wakala wa kimataifa wa utafiti wa saratani uliviweka vinywaji vya zaidi ya nyuzi joto 65 kwenye kundi la vinavyoelekea kusababisha saratani mwaka 2016, na chai ya kwetu hunyweka ikiwa bado inafuka. Mursik, maziwa ya kuchachushwa kwenye kibuyu, nayo imepimwa ikakutwa na kileo kidogo na asetaldehaidi. Hatukuambii uvunje kibuyu cha nyumbani, ila kwa mtu anayevuta na kunywa tayari, ni nyongeza.

Usisubiri maumivu. Dalili ya mwanzo ni chakula kukwama kifuani, kwanza nyama na ugali mkavu, baadaye hata uji, na watu huzoea kukisukuma kwa maji kwa miezi mingi bila kusema. Ikitokea zaidi ya wiki mbili, au sauti ikikwaruza bila mafua, au kidonda cha mdomo kikapita wiki tatu, au uzito ukapungua bila sababu, omba kipimo cha kamera ya kooni. Mwambie daktari unavuta na kunywa kabla hajakuuliza.

SWALI: Kaka yangu ana miaka 23, tuko Dar. Anakunywa kila siku, asubuhi mikono inatetemeka hadi apate kidogo. Sigara kama 15 kwa siku. Ameomba mwenyewe tumsaidie. Mtu wa duka la dawa ametupa vidonge tumchanganyie kwenye chakula bila kujua, eti atachukia pombe. Tumpe? Na aache vyote kwa pamoja au kimoja kimoja? *Dada mtu*

JIBU: Vidonge msimpe. Inaelekea ni disulfiramu. Dawa hiyo huzuia mwili kuivunja asetaldehaidi, kwa hiyo mtu akinywa pombe anawiva uso, anatapika, moyo unakwenda mbio na shinikizo la damu linaanguka, na wengine hufa. Hutumiwa kwa mtu anayejua anaitumia, aliyepimwa moyo na ini, na aliyeacha pombe kwa saa 12 angalau. Kumtilia kwenye mchuzi mtu anayekunywa kila siku ni kumtega.

Halafu, huyo wa kutetemeka asubuhi asifungiwe chumbani aache ghafla. Hilo tunaliweka wazi kwa sababu familia nyingi hulifanya kwa nia njema. Mwili uliozoea kileo ukikikosa huanza kutetemeka na kutoka jasho ndani ya saa 6 hadi 24. Degedege mfano wa kifafa huja ndani ya siku mbili za kwanza. Kati ya siku ya pili na ya nne anaweza kuweweseka, kuona vitu visivyokuwepo, homa ikapanda, na bila matibabu hali hiyo huua. Hospitalini hupewa dawa za kutuliza, kama diazepamu, kwa kiwango kinachopunguzwa siku hadi siku, na vitamini B1 kwa sindano, ambayo hutangulia au kwenda pamoja na dripu ya glukosi ili ubongo usidhurike. Hadi siku ya kwenda, asikate mwenyewe ghafla.

Anzeni Muhimbili, idara ya magonjwa ya akili. Walio Dodoma waende Mirembe, walio Unguja Kidongo Chekundu. Namba ya bure ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ni 119. Kwa wasomaji wa Kenya, NACADA, mamlaka ya huko ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ni 1192.

Kuhusu vyote kwa pamoja: zamani wahudumu wengi walisema "mwache na sigara zake, asije akarudi kwenye pombe." Uchambuzi uliokusanya tafiti mbalimbali mwaka 2004 ulionyesha kinyume, kwamba waliosaidiwa kuacha sigara wakiwa kwenye matibabu ya uraibu walikuwa na uwezekano wa asilimia 25 zaidi wa kubaki bila pombe kwa muda mrefu. Inaeleweka, kwa kuwa kila sigara inamkumbusha glasi. Sisi tungeanza matibabu ya sigara wodini humo humo, siku za kutetemeka zikishapita, kabla hajarudi mtaani kwake.

Kwa sigara zaidi ya 10 kwa siku, kibandiko cha nikotini cha miligramu 21 kwa wiki sita, kisha cha 14 kwa wiki mbili, kisha cha 7 kwa wiki mbili. Hubandikwa asubuhi kwenye ngozi safi, kavu, isiyo na nywele, begani au mgongoni, na kesho yake mahali pengine. Akiota ndoto za ajabu akivue wakati wa kulala. Bigijii ya nikotini hutumiwa pamoja nacho hamu inapopanda: ya miligramu 4 kwa anayevuta ndani ya dakika 30 tangu kuamka, ya 2 kwa wengine. Haitafunwi kama bigijii ya kawaida. Atafune hadi asikie ukali, aiegeshe shavuni hadi ukali uishe, arudie, kwa nusu saa. Soda, juisi na kahawa visitangulie kwa dakika 15, maana uchachu huzuia nikotini kupita. Wengi wanaosema "haifanyi kazi" waliimeza na mate mfululizo wakapata kwikwi. Vitu hivi havipo kila duka la dawa na bei yake si ndogo, hivyo ulizeni kabla ya kupanga tarehe.

Siku mbili tatu za kwanza ndizo kali zaidi, hasira na usingizi mbovu huweza kufika wiki nne. Hamu moja haidumu, hupita ndani ya dakika chache, awe na cha kufanya kwa dakika hizo. Na kama ni mnywaji wa kahawa au vinywaji vya kuongeza nguvu, apunguze nusu siku hiyo hiyo anayoacha sigara. Moshi wa tumbaku hulifanya ini liondoe kafeini haraka, na moshi ukikoma vikombe vile vile vinne vinakuwa na nguvu ya vinane. Moyo kwenda mbio na kukosa usingizi ambako familia huona ni "arosto ya sigara" mara nyingine ni kahawa tu.